Wekeni Gemu Ndani ya Maktaba

Msee wa Kibera ukimtajia Silanga anajua ni wapi: ile side ya mtaa imeshuka kuelekea Nairobi Dam, na hapo kuna fildi ya boli. Hiyo fildi iko na story wasee wengi hawaijui. Mwaka wa 2012, UN-Habitat, shirika la UN la makazi, wale ofisi yao kuu iko hapa tu Gigiri, walishikana na Mojang, kampuni ya Sweden yenye iliunda gemu ya Minecraft, wakaanzisha mradi unaitwa Block by Block. Mahali pa kwanza kujaribu hiyo maneno ilikuwa Silanga. Kabla ya mtu kushika jembe, plani ya fildi iliundwa ndani ya gemu, bloku juu ya bloku, wasee wa mtaa wakaicheki kwa skrini na kubonga ni nini iko fiti na ni nini inafaa kubadilishwa.

Tukae hapo kidogo, ju hapo ndio moyo wa hii story. Ramani ya akitekti ni ya watu wachache. Imejaa laini, namba na skeli, na mathe mwenye anauza omena kando ya fildi ukimpea hiyo karatasi ataiangalia, atasema asante, atakurudishia. Si eti hajui kitu. Ni yeye anajua kona gani usiku huwa giza totoro, mtaro gani hufurika mvua ikinyesha, njia gani watoi hupitia wakienda shule. Shida ni hiyo akili yake yote haijawahi pewa mlango wa kuingilia kwa mkutano wa mainjinia. Sasa mkalishe mbele ya Minecraft. Anaona ukuta, anaona mti, anaona benchi. Anaweza toa benchi hapa aiweke pale, akasimama juu yake acheki kama kutoka hapo anaweza ona mtoi wake akicheza. Hajaambiwa anasoma, lakini anasoma ramani, tena anaiandika upya.

Tangu Silanga, hiyo njia imetumika kwa nchi zaidi ya 30. Kawaida watu wa mtaa hugawanywa kwa vikundi vidogo, kila kikundi na kompyuta yake. Kwanza wanatembea mahali penyewe kwa miguu, halafu wanarudi kujenga, mwisho wanasimama mbele ya wasee wa kanjo na mainjinia wanaeleza walichojenga na mbona. Wengi wao huwa hawajawahi shika mausi maisha yao yote, na baada ya masaa machache wako ndani kabisa. Les Cayes, kule Haiti, kulikuwa na wavuvi wenye hawajui kusoma wala kuandika, na bado walikaa chini wakapanga ufuo wao.

Mi nikicheki hiyo yote, mtu wa mtaa anapewa kifaa, anauliza swali, anatafuta jibu, anabishana na mwenzake, anaondoka akijua kitu hakujua asubuhi, naona kazi ya maktaba. Na hiyo ndio hoja yangu leo, naisema bila kuzunguka: gemu na dunia za mtandaoni zinafaa kupewa kiti, meza na stima ndani ya maktaba zetu. Na si kama chambo ya kuvuta mayut wakuje halafu wafungiwe na mabuku. Wapewe ju zenyewe ni kitu cha kusomwa.

Ebu ingia maktaba yoyote ya Nai mida ya saa nane. Ukiangalia vizuri, wasee wengi wamekuja na mabuku zao wenyewe. Ni wanafunzi wanabukua ya mtihani, ni msee wa CPA, ni dem anajaza fomu za kazi. Wanatafuta meza, mwanga na amani, ju keja ni ya rum moja na ndani kuna watu sita na redio. Hiyo ni huduma kubwa na isiguswe. Lakini shelfu ziko hapo nyuma yao, na mabuku zake zinakaa wiki baada ya wiki bila mkono. Mwenye hana mtihani hana sababu ya kuingia. Chali wa miaka kumi na sita, ameclear shule ya siku, hana plani ya jioni, akipita hapo nje haoni kitu chake.

Anaenda wapi? Anaenda kwa base ya pleiste. Kila mtaa iko na moja, kama si tano: mabati, kochi imechoka, TV mbili tatu, pedi zimefungwa na seloteipu, na unalipa kwa mechi. Uki-lose unaamka, mwenye ashu anakaa. Mi siwezi diss hizo base. Zimelea wasee. Pale ndani kuna heshima yake, kuna foleni, kuna msee mkubwa mwenye hawezi ruhusu kaboy kadogo kanyang'anywe pedi. Na kuna kusoma, hata kama hakuna mtu ameita hivyo. Mwekee kijana career mode ya gemu ya boli, yule mwenye odijo anasema hawezi maliza kurasa mbili za insha, na umcheki. Anasoma ripoti ya skauti. Anapima mshahara wa bekitatu dhidi ya bajeti ya klabu. Anajua mkataba wa miaka miwili ukibaki miezi sita bei inashuka. Hiyo ni hesabu, ni Kizungu kigumu, ni kupanga mbele, na anaifanya kwa raha yake mpaka usiku.

Kuna profesa wa Marekani anaitwa James Paul Gee, msomi wa lugha, alianza hii safari akimwangalia mtoi wake mdogo akicheza gemu ya kompyuta. Mwaka wa 2003 akatoa kitabu kizima kuhusu kile gemu zinaweza kutufunza juu ya kusoma na kujifunza. Kitu yenye mi nilishika kwake ni hii: gemu nzuri hukupea habari wakati unaihitaji, si kabla, na ukianguka inakuacha urudi hapo hapo ujaribu njia ingine. Sasa cheki mtihani wa KCSE: unakuja mara moja kwa mwaka. Ukianguka, umeandikwa. Ndani ya gemu kuanguka ni sehemu ya kusoma, na mtoi mwenye amepigwa na bosi wa leveli mara ishirini hasemi yeye ni mjinga, anasema bado hajapata njia. Hiyo roho ikiingia kwa hesabu ama kwa kodi ya kompyuta, huyo mtoi hashikiki.

Na Minecraft iko na vitu ndani yake wazazi hawajui. Kuna unga mwekundu unaitwa redstone, unatandazwa chini kama waya. Ukiweka tochi yake juu ya bloku, inawaka. Ukipitisha nguvu kwa hiyo bloku, tochi inazima. Hiyo tu, kuzima ukiwasha na kuwaka ukizima, ni geti ya kwanza ya kompyuta, ile ya kukanusha. Panga kadhaa pamoja na unapata mlango wa kujifungua, halafu saa, halafu mashine ya kujumlisha. Wachezaji wameunda kompyuta zinafanya kazi ndani ya gemu na hizo bloku tu. Kuna watoi wa miaka kumi na mbili wanaelewa hiyo maneno kabla ya kusikia jina la somo lake.

Sasa wacha niwapeleke kwa maktaba yenye iliniwasha kabisa, na hiyo haina mlango wa mbao. Machi 12, 2020, shirika la Reporters Without Borders, lenye hutetea wanahabari, lilifungua maktaba ndani ya Minecraft. Inaitwa The Uncensored Library. Iliundwa na mbogi ya wajenzi wa BlockWorks, watu 24 kutoka nchi 16, wakatumia bloku milioni 12.5 na karibu miezi tatu. Ukiingia unapata jumba kubwa la nguzo na kuba, kama zile maktaba za zamani za mawe, na ndani kuna chumba cha kila nchi: Misri, Meksiko, Urusi, Saudi Arabia, Vietnam, na zingine zikaongezwa baadaye. Kwa shelfu za gemu kuna vitabu vya gemu, na ndani ya hivyo vitabu kuna makala za ukweli, zenye serikali za huko hazitaki raia wazisome.

Cheki vile ilipangwa. Kule tovuti ya gazeti huru imefungwa. Mwanahabari amefungwa ama amekimbia. Lakini Minecraft imeachwa wazi, ju nani ataogopa gemu ya watoi? Basi kijana wa Riyadh anaingia kwa seva, anapanda ngazi, anafungua kitabu, na kilichoandikwa ni maneno ya Jamal Khashoggi, mwanahabari Msaudi aliyeuawa ndani ya ubalozi mdogo wa nchi yake pale Istanbul, Oktoba 2, 2018. Kila mtu anaweza kusoma, hakuna mtu anaweza kufuta. Na ramani nzima unaweza kuidaunlodi, so hata wakizima seva moja, nakala ziko kwa mashine za watu wengine wengi. Chumba cha Meksiko ni cha kukumbuka wanahabari waliouawa kwa kuandika tu.

Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa sana uzito wa hiyo kitu. Juni 25, 2024, maandamano ya Mswada wa Fedha yakiwa yamewaka tao, intaneti ya nchi nzima ilidorora. Wasee walikuwa wamezoea kutafsiriana mswada kwa simu, kipengele kwa kipengele, ghafla skrini inazunguka tu. Mtu aliyepitia hiyo jioni anajua habari ni kitu inaweza nyakwa mkononi mwako. Na ni nani kwa historia amekuwa na kazi ya kutunza habari isipotee? Maktaba. The Uncensored Library haikuchezea jina. Iliweka kazi ya zamani ya maktaba mahali kizazi chetu kinaishi.

Naijua swali iko njiani. Hii maneno si ilishajaribiwa? Ilijaribiwa, na inafaa kusomwa vizuri ndio tusirudie. Kulikuwa na dunia ya mtandaoni inaitwa Second Life, ya kampuni ya Linden Lab, San Francisco, ilifunguliwa 2003. Wasee walikuwa wanaingia na avata, wananunua shamba la kidijitali, wanajenga manyumba. Mwaka wa 2006 wakutubi wa Alliance Library System, Illinois, wakajenga maktaba yao huko, ikakua mpaka ikawa visiwa vizima, Info Island. Avata ya mkutubi inasimama kwa deski, unaiuliza swali, inakutafutia jibu. Maktaba ya umma ya Charlotte, North Carolina, ikaingia pia kwa ile sehemu ya matineja. Wakutubi walijitolea, wengine wakifanya hiyo kazi usiku bila malipo, na mi nawapea heshima zao. Lakini ilitaka kompyuta yenye nguvu na intaneti ya kukimbia, na sehemu kubwa ya kilichojengwa ilikuwa shelfu na deski, vile vile kama kwa jengo la mawe. Mtu haendi dunia nyingine kutafuta deski. Sehemu ya matineja ilifungwa karibu 2011. Mi nasoma somo moja hapo: usihamishe jengo, hamisha kazi. Silanga watu walipewa kazi ya kufanya.

Tuje nyumbani, tuongee pesa, ju najua kuna msee tayari anasema hizo ni ndoto za watu wa Gigiri. Minecraft inanunuliwa, na leseni ya kila mashine ni doh. Sawa. Lakini kuna gemu inaitwa Luanti. Iliundwa 2010 na msee wa Finland, Perttu Ahola, kwa jina la Minetest, na 2024 ikabadilishwa jina. Ni ya bloku, haina bei hata shilingi, na kodi yake iko wazi mtu yeyote aifungue. Inakubali kompyuta kuukuu, zile zimetupwa kwa kona ya ofisi na vumbi juu. Na hii ndio tamu yake: mashine moja inakuwa seva, zingine zinaunganishwa nayo ndani ya chumba, na mbogi nzima inacheza dunia moja bila bando hata moja. Intaneti ikipotea, gemu inaendelea.

Halafu kuna hatua ya pili. Luanti inabadilishwa na lugha ya kodi inaitwa Lua, iliyoundwa Brazil mwaka wa 1993. Mtoi akichoka na wanyama wa gemu, anaweza kuandika mnyama wake. Anataka matatu? Anaandika matatu, achague rangi, aweke mziki. Hapo ametoka kuwa mchezaji amekuwa fundi, na hakuna mtu alimwambia sasa tunaanza somo la programu. Nai imeshatoa mafundi wa hivyo. Mwaka wa 2007 Wesley Kirinya alitoa gemu inaitwa The Adventures of Nyangi, kati ya gemu za 3D za kwanza kuundwa na Mkenya, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Leti Arts, studio ya Ghana na Kenya. Alianza kabla ya simu za smart kujaa mtaani. Fikiria kama angekuwa na chumba cha watu kumi wa kuulizana maswali.

Hata nje ya bloku kuna vitu. Lichess ni chesi ya bure, haina matangazo, na inacheza kwa simu ya smart. GeoGuessr inakutupa barabara usiyoijua, na unabaki kusoma vibao, mimea, upande magari yanaendeshwa, mpaka ujue uko nchi gani. Mkutubi akiweka atlasi kando ya hiyo meza itafunguliwa zaidi ya vile imefunguliwa miaka mingi. Foldit ni ya Chuo Kikuu cha Washington, ya kukunja protini kama fumbo. Wanasayansi walikuwa wamekwama zaidi ya miaka kumi na umbo la kimeng'enya cha virusi vyenye huletea nyani ukimwi. Mwaka wa 2011 ilitangazwa kuwa wachezaji walilitatua ndani ya wiki tatu. Wachezaji wengi wa Foldit hawajasomea baiolojia.

Kazi ya mkutubi hapo ni gani? Si lazima ajue kushika pedi. Anafaa kujua kile amekuwa akijua siku zote: kusikia swali na kujua jibu liko shelfu gani. Mbogi ikijenga Kanairo ya 1900 kwa Luanti, swali la kwanza ni reli ilipita wapi. Mkutubi ako na ramani. Swali la pili ni nani alikuwa anaishi hapo kabla ya reli. Ako na kitabu, na kama hana, anajua nani ako nacho. Msichana akitaka kujua mbona daraja lake la bloku lingeanguka likiwa la ukweli, kuna kitabu cha fizikia kimekaa pale tangu kifike. Kitabu kinashuka kwa shelfu ju kuna mtu anakihitaji saa hiyo hiyo. Mi sijaona njia bora ya kupeana kitabu.

Na nimesema msichana makusudi. Base ya pleiste ni ya maboyz, wacha tusidanganyane. Dem akiingia anaangaliwa kama amepotea, na jioni mathe wake hawezi mruhusu. Lakini tuko na Sylvia Gathoni, wenye wanamjua wanamuita Queen Arrow, Mkenya wa Tekken mwenye amesainiwa na timu za nje na akasoma sheria pia. Wa hivyo wako wengi mtaani na hawajawahi pewa pedi. Maktaba ni mahali mathe hawezi kataa mtoto wake wa kike kuenda. Ukiweka gemu hapo umewafungulia wasichana mlango wenye base haijawahi fungua.

Sasa mathe mwenyewe, ju lazima nimjibu kwa heshima. Mathe anasema gemu zinaharibu watoto, na akisema hivyo anamaanisha kitu ameona. Ameona kijana wa jirani akipoteza karo kwa beti ya kindege kwa simu. Ameona mtoto halali. Hofu yake si ujinga. Lakini hiyo yote inatokea ju kijana ako peke yake na simu gizani, na upande ule mwingine wa skrini kuna kampuni yenye inakula akirudi. Maktaba haikuli kitu. Inafunga jioni, kila mtu anaenda home. Inaweza kuchagua gemu zisizo na duka ndani, zisizo na yale masanduku ya bahati unalipia bila kujua kuna nini, yale Ubelgiji ilisema 2018 ni kamari na ikayakataza. Inaweza weka saa moja kwa kila mtu, na mtu mzima chumbani. Mathe akitaka mtoto wake atoke kwa beti, ampatie mahali pa kucheza pasipo na dau.

Makelele nayo? Chumba cha kusoma kibaki kimya, hilo halina mjadala, mwenye anabukua ana haki yake. Gemu zipewe chumba chao na hedifoni. Kibera tayari ilionyesha inawezekana: maktaba ya huko ilikuwa na mradi wa tableti, Kids on the Tab, watoi wanashika tableti zenye masomo ya eLimu, yenye video na michezo ndani. Book Bunk, shirika lenye Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha 2017, waliamsha maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara, na wakawa na plani ya McMillan pale tao. Hiyo McMillan ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi chini ya mkoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani. Leo yeyote anaingia. Maktaba zetu zimeshabadilisha nani anaingia. Kubadilisha anafanya nini akiingia ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Na usikubali kuambiwa hakuna mwenye jukumu. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, yenye inataja kazi za kaunti. Kwa kipengele kimoja utapata kamari na kasino, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, na maktaba. Mkono ule ule unaosimamia nyumba ya beti kwa kona yako ndio unafaa kusimamia maktaba ya mtaa wako. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufikishwa kwa asembli kabla ya Aprili 30, halafu raia wanaitwa kutoa maoni. Hizo vikao huwa na viti tupu vingi na wazee wachache.

So wasee, hii ndio ombi. Wiki hii ingia maktaba iko karibu na wewe, msalimie mkutubi, muulize kama kuna kompyuta imekaa bure na kama anaweza kubali Luanti iwekwe. Beba mtu mmoja anajua kuiweka. Ni ya bure, inatosha kwa flashi. Kikao cha bajeti kikiitwa, tokeni kama mbogi, maboyz na madem, na muombe chumba kimoja, mashine kumi na hedifoni kumi, kwa maandishi, na jina la ward yenu juu. Msiondoke kabla karani aipokee.